Kakeru: Kitenzi cha Kijapani Kinachofanana na Piga

Gari lililotumika Japani hufika Shinyanga likiwa na lugha yake. Katika gereji za Kata ya Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, kisa hiki kimezoeleka: dereva anazungusha ufunguo, na kabla injini haijatulia sauti ya mwanamke mpole inatoka kwenye dashibodi. "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Abiria wa mbele anacheka. Wa nyuma anaitikia, "Marahaba, mama." Wengi huamini kwamba gari linasalimia.

Gari halisalimii, linadai kadi. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za mwendokasi ulioanza kutumika Japani nzima mwaka 2001: kadi huchomekwa kwenye kifaa kidogo ndani ya gari, na kizuizi kinafunguka chenyewe gari linapopita. Hapa kwetu kifaa kipo, kadi haipo, na barabara za aina hiyo hazipo. Kila asubuhi gari linatoa ripoti ileile: kadi ya ETC haijaingizwa. Fundi umeme wa magari akichoka kulisikia huchomoa waya, na Kijapani kikaisha hapo.

Kabla waya haujachomolewa, sentensi hiyo ina somo zuri la kuanzia. *Sōnyū* ni uingizaji. Ukiongeza *suru*, yaani kufanya, unapata kitenzi *sōnyū suru*, kuingiza. *Sarete imasen* inaleta hali ya kutendwa, ya kuendelea na ya kukanusha, yote mkiani mwa kitenzi. Kiswahili kina vipande karibu hivyohivyo ndani ya neno moja, "haijaingizwa", ila vingi tunavitanguliza. Ni kama treni ya Tabora kwenda Mwanza inapopita Shinyanga: Kiswahili kinaweka mabehewa mengi mbele ya injini, Kijapani kinayafunga yote nyuma. Mtanzania aliyezoea kuunganisha viambishi tangu utotoni hana sababu ya kuyaogopa.

Kinachomtoa jasho mwanafunzi ni kitu kingine. *Sōnyū suru* ni kitenzi kirefu chenye maana moja, na mtu akikikariri amekimaliza. Vitenzi vifupi vya nyumbani ndivyo vinavyosumbua, na miongoni mwao kipo kinachoitwa *kakeru*.

Kamusi inapozidisha giza

Kijana anayejifunza Kijapani kwa simu, labda kwa kutafuta ufadhili wa masomo au kwa sababu anauza vipuri vya magari, hukutana na *kakeru* katika wiki za mwanzo kabisa. Ni neno la ngazi ya N5, ngazi ya chini kati ya tano za mtihani wa kimataifa wa Kijapani. Anafungua kamusi. Anaambiwa maana yake ni kutundika. Halafu kuvaa miwani. Halafu kupiga simu, kufunga mlango kwa ufunguo, kumwagia sosi, kuketi, kuzidisha hesabu, kutumia muda, kusumbua watu, kufunga breki, kuwasha injini. Kamusi kubwa za Kijapani hupita maana ishirini. Kijana anafunga kamusi na kusema lugha hii haina utaratibu.

Sasa msomaji ajiweke upande wa pili. Mwaka 1980 ilichapishwa Japani kamusi ya Kiswahili na Kijapani iliyotungwa na Wazaki Yōichi, mtafiti aliyefanya kazi Mangola, karibu na Ziwa Eyasi. Mjapani anayekifungua Kiswahili kwa mara ya kwanza anaambiwa kwamba *piga* ni kugonga kwa mkono au kwa fimbo. Vizuri. Kisha anasikia watu wakipiga simu, pasi, deki, mswaki, picha, kura, magoti, miayo, mbizi na hodi. Anajiuliza: pasi imekosa nini hata ipigwe?

Hakuna mtoto wa Kambarage aliyewahi kukariri orodha ya maana za *piga*. Alilisikia neno hilo likiwa limeshikana na jina lake: simu ilikuja na piga, deki ikaja na piga. *Kakeru* nayo inataka kujifunzwa hivyo, na msemaji wa Kiswahili anaifikia akiwa na mazoezi ya miaka mingi bila kujijua.

Picha iliyo nyuma ya neno

Ingawa matumizi ni mengi, kuna picha moja inayosaidia. *Kakeru* ni kukifanya kitu kifike juu ya kingine na kikae hapo, kiwe kimening'inia, kimefunika, kimeshika au kimeegemea. Koti linatundikwa ukutani: *kakeru*. Blanketi linafunikwa juu ya mtoto aliyelala: *mōfu o kakeru*. Sosi inamwagiwa wali: *sōsu o kakeru*. Miwani inaning'inizwa masikioni: *megane o kakeru*. Mtu anaegemeza kiuno chake kwenye kiti: *koshi o kakeru*, yaani anaketi. (Kistari juu ya herufi kinaonyesha kwamba irabu inavutwa.)

Mkazi wa Kanda ya Ziwa anao mfano mkubwa wa picha hii. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, likiunganisha upande wa Mwanza na upande wa Geita juu ya ghuba ya Ziwa Victoria. Kiswahili kinasema daraja limejengwa. Mjapani ana msemo wake: *hashi o kakeru*, amelitundika daraja, akilifikisha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Aliyewahi kusimama kivukoni akilisubiri pantoni na kuyatazama maji hatapata shida kuiona picha hiyo.

Kutoka kwenye vitu vya kushikika, neno linapanda hadi kwenye visivyoshikika. Sauti inamfikia mtu: *koe o kakeru*, kumwita au kumsemesha. Usumbufu unamfikia jirani: *meiwaku o kakeru*. Wasiwasi unamfikia mama: *shinpai o kakeru*. Hapa Kiswahili hakitumii *piga*. Kinatumia *tia*: kumtia mtu wasiwasi, kumtia hasara. Kanuni ndogo inajitokeza. Pale ambapo *piga* haikubali kuwa tafsiri ya *kakeru*, mwanafunzi ajaribu *tia*, kisha *funika*, *mwagia* au *tundika*. Mara nyingi moja kati ya hizo itakaa.

Karakana ambamo lugha mbili zinakutana

Mahali ambapo *kakeru* na *piga* zinashikana mikono hasa ni kwenye kazi za mikono. Chukua karakana ya seremala. Fundi anapiga randa ubao: Kijapani, *kanna o kakeru*. Anapiga msasa: *yasuri o kakeru* akitumia tupa, au *sandopēpā o kakeru* akitumia karatasi ya msasa. Jioni anapiga kufuli mlango: *kagi o kakeru*. Nyumbani mkewe anapiga pasi sare za shule: *airon o kakeru*. Binti anapiga deki sebule: *moppu o kakeru*. Redio inapiga muziki: *ongaku o kakeru*. Kisha mtu anapiga simu kwa shangazi: *denwa o kakeru*.

Matumizi saba, kitenzi kimoja upande huu na kimoja upande ule, na lugha hizi mbili hazina undugu wowote. Sababu inaonekana ukizitazama kazi zenyewe: chombo kinapitishwa juu ya kitu, au nguvu inaelekezwa kwenye kitu, na jina la chombo ndilo linaloeleza kazi. Kitenzi kimebaki kuwa mpini. Jina ndilo ubapa wa jembe.

Hata kwenye gari mambo yanafanana. Dereva anayesema "piga stata" anakaribiana sana na *enjin o kakeru*, kuwasha injini. Anayepiga breki anafanya *burēki o kakeru*. Ajuaye kusema "kanyaga breki" naye hajasahauliwa, maana Kijapani kina *burēki o fumu*, na *fumu* ni kukanyaga hasa.

Upande wa uhuni pia umo. Mtanzania aliyetapeliwa kwenye biashara ya mawe yasiyo na dhahabu husema "nimepigwa". Mjapani ana *peten ni kakeru*, kumwingiza mtu kwenye ulaghai, na *wana ni kakeru*, kumnasa mtu au mnyama kwenye mtego.

Mahali pa kuweka tahadhari

Utamu huo usimlevye mwanafunzi. *Piga* nyingi za Kiswahili hazina *kakeru* upande wa pili, na anayezibadilisha kwa mkumbo atachekwa. Kupiga picha ni *shashin o toru*, ambapo *toru* ni kuchukua. Kupiga mswaki ni *ha o migaku*, kusugua meno. Kupiga rangi nyumba ni *penki o nuru*, kupaka. Kupiga ngoma ni *taiko o tataku*, kugonga kwelikweli. Kupiga chafya ni *kushami o suru*, kufanya chafya. Mkulima wa pamba wa Shinyanga anayepiga dawa shambani atasema *nōyaku o maku*, akitumia kitenzi cha kunyunyiza ambacho pia kina maana ya kusia mbegu.

Kwa upande mwingine, Kijapani kinagawa vipande vidogo mahali ambapo Kiswahili kinaridhika na neno moja. Mtanzania anavaa kila kitu: shati, viatu, kofia, miwani. Mjapani shati analivaa kwa *kiru*, suruali na viatu kwa *haku*, kofia kwa *kaburu*, na miwani kwa *kakeru*. Bodaboda anayevaa helmeti na miwani ya jua amefanya mambo mawili tofauti: *herumetto o kaburu, sangurasu o kakeru*. Mchimbaji anayevaa kofia ngumu kabla ya kushuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, anafanya *kaburu*. Aking'ang'ania kusema *kakeru*, Mjapani ataelewa kwamba kofia imetundikwa mahali, pengine kwenye msumari, na kichwa kimebaki wazi.

Mizani na vijineno viwili: o na ni

Kijapani kina vijineno vinavyofuata majina kuonyesha kazi ya jina katika sentensi. Kwa *kakeru*, viwili vinatosha kuanzia. *O* inaonyesha kinachowekwa. *Ni* inaonyesha kinapofikia. *Kabe ni e o kakeru*: ukutani, picha, kutundika. *Hana ni mizu o kakeru*: kwenye maua, maji, kumwagia. Kitenzi daima kinakuja mwisho.

Hapa kuna bahati ambayo mwanafunzi msemaji wa Kiswahili anaweza kuitumia bila aibu. Kiswahili kina *-ni* ya mahali: ukutani, mezani, sokoni. Kijapani kina *ni* inayofuata jina vilevile. Ni sadfa tu, lakini kwa kukumbuka hakuna inayoizidi. *Kabe ni*, ukuta-ni. *Isu ni*, kiti-ni.

Twende Geita, mji uliofungua soko la dhahabu mwaka 2019 ili mchimbaji mdogo auze mzigo wake mahali panapojulikana. Mawe yametoka duarani, yamepita kwenye karasha, yameoshwa mwaloni, na mabaki yake, marudio, yamelundikwa pembeni yakisubiri kuchenjuliwa tena. Dhahabu inafika sokoni na kuwekwa kwenye mizani. *Kin o hakari ni kakeru*: dhahabu, mizani-ni, kuweka. Unga wa mawe ukipitishwa kwenye chekeche ni *furui ni kakeru*. Mtu akiugua na kwenda kwa daktari, Kijapani kinasema *isha ni kakaru*, kwa kutumia *kakaru*, ndugu wa *kakeru* tutakayemfikia hivi punde, na muundo ni uleule, daktari akiwa mahali pa kufikia.

Mizani hiyo ina matumizi ya mafumbo pia. *Tenbin ni kakeru*, kuweka kwenye mizani ya sahani mbili, husemwa kwa mtu anayepima mambo mawili: abaki mgodini au arudi shamba, amwoe huyu au yule. Anayewapima wachumba wawili kwa pamoja husemwa hivyohivyo, na si kwa kusifiwa.

Washa na waka

*Kakeru* ina ndugu wa karibu, *kakaru*. Wanaofundishwa kwa kutumia Kiingereza huhangaika sana na jozi hii, maana Kiingereza mara nyingi hutumia neno moja pande zote mbili. Kiswahili kinazo jozi za namna hii tele: washa na waka, vusha na vuka, rusha na ruka, vunja na vunjika.

*Enjin o kakeru*: dereva anawasha injini. *Enjin ga kakaru*: injini inawaka. Kijineno nacho kimebadilika. *O* ya kinachotendwa imeondoka, *ga* ya mtendaji imeingia. *Kagi o kakeru*, mtu anafunga kwa ufunguo. *Kagi ga kakaru*, kufuli linajifunga au linakubali kufungika. Asubuhi ya baridi Canter inapokohoa bila kuwaka, malalamiko sahihi ni *enjin ga kakaranai*, haiwaki. Dereva akisema *enjin o kakenai* atakuwa amesema kwamba yeye ndiye asiyeiwasha, na tajiri wa gari atataka kujua sababu.

Jozi hii ndiyo inayobeba muda na pesa. Safari inachukua saa mbili: *ni-jikan kakaru*. Ukarabati unagharimu pesa: *okane ga kakaru*. Muda na pesa vinakwenda vyenyewe, mtu hana la kufanya, kwa hiyo ni *kakaru*. Zamani, kabla ya daraja la Kigongo na Busisi, kuvuka ghuba kulikuwa *jikan ga kakaru*, kunakula muda, hasa foleni ya magari ikiwa ndefu. Sasa ni *jikan ga kakaranai*. Fundi cherehani anayeamua kulishona gauni la harusi taratibu kwa siku kadhaa anafanya *jikan o kakeru*, anawekeza muda kwa hiari yake. Tofauti ya herufi chache inaonyesha kama mtu amecheleweshwa au ameamua kutulia.

Mnyambuliko wa vitenzi hivi viwili hautofautiani kwa mengi, ila haulingani. *Kakeru* huacha *-ru* na kupokea viambishi moja kwa moja: *kakemasu* kwa heshima, *kakenai* kwa kukanusha, *kaketa* kwa wakati uliopita, *kakete* kwa kuunganisha au kuomba. *Kakaru* hubadilisha irabu yake: *kakarimasu, kakaranai, kakatta, kakatte*. Maumbo haya manane yanaenea kwenye kadi moja ya ukubwa wa tiketi ya basi, na yanatosha kwa mazungumzo mengi ya siku.

Tatizo la panda

Hadi hapa *kakeru* imekuwa na tatizo la *piga*: neno moja lenye matawi mengi. Kuna tatizo lingine ambalo si la namna hiyo, na wanafunzi wengi huyachanganya. Ni tatizo la *panda*. Kiswahili kina panda ya kupanda mti, panda ya kupanda mahindi, na panda ya manati. Hayo si matawi ya neno moja. Ni maneno tofauti yaliyogongana sauti. *Kakeru* nayo imegongana na wenzake, na kinachowatenganisha ni herufi za Kichina ambazo Wajapani huziita *kanji*.

掛ける ndiyo *kakeru* yetu ya kutundika. Kipande chake cha kushoto ni alama ya mkono, jambo linaloeleweka baada ya randa, pasi na kufuli zote hizo. Katika maandishi ya kila siku mara nyingi huandikwa kwa herufi nyepesi tu, かける.

駆ける ni kukimbia kwa kasi, kutimua mbio. Kushoto kuna farasi. Kwa mwanariadha wa kawaida Wajapani husema *hashiru*, lakini *kakeru* hii hutumika pale mwandishi anapotaka kumfanya mtu au farasi apepee. Juma Ikangaa wa Tanzania, aliyeshinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na 1986 na ile ya Fukuoka mwaka 1986, ni mtu wa kuandikiwa neno hili. Pia ni jina la mvulana: Wajapani wengi huitwa Kakeru, wengine wakiliandika kwa herufi ya kupaa angani. Wakazi wa kata iliyobeba jina la Kambarage, ambalo Mwalimu Nyerere alipewa kwa sababu ya mvua siku aliyozaliwa, hawatashangaa kwamba wazazi wa Japani nao huchagua jina kwa maana yake.

賭ける ni kubeti. Kushoto kuna alama ya kauri, kwa kuwa kauri zilitumika kama fedha China ya kale, kama zilivyotumika pia sehemu nyingi za Afrika. Kijana anayejaza mkeka wa mechi za Jumamosi anafanya *kakeru* hii. Ukiunganisha na *inochi*, uhai, unapata *inochi o kakeru*, kuweka maisha rehani, ambayo huandikwa pia kwa herufi nyingine, 懸ける. Mchimbaji anayeshuka duara ambalo matimba yake, yaani miti inayozuia kuta, yamelegea anafanya hivyo bila kuandika chochote.

欠ける ni kupungukiwa au kumeguka: kikombe kilichomeguka ukingo, timu iliyopungukiwa mchezaji. Herufi yake ilianza kama picha ya mtu aliyefunua kinywa, anapiga miayo. Hii ndiyo inayotofautiana na wenzake kwa sauti. Katika *kakeru* nyingine zilizotajwa, sauti hushuka baada ya *ke*. Katika hii, kwa lafudhi ya Tokyo, haishuki. Msomaji aliyelelewa kwa Kisukuma ana faida hapa, maana Kisukuma ni lugha ya toni, na sikio lake limeshazoea kupanda na kushuka kwa sauti ambako Kiswahili hakitumii kutenganisha maneno.

書ける, mwisho, ni "kuweza kuandika", kutoka *kaku*, kuandika. Kiswahili kingesema "andikika". *Kanji ga kakeru* maana yake mtu anaweza kuandika kanji, wala hajaitundika mahali.

Ushauri wa kutenganisha matatizo haya mawili ni wa kiutendaji. Matawi ya 掛ける yakae ukurasa mmoja wa daftari, yakizunguka picha moja. Maneno yaliyogongana sauti yapewe kurasa zao, kila moja na herufi yake na sentensi yake. Anayeyarundika pamoja atatafuta uhusiano kati ya farasi, kikombe kilichomeguka na pasi, na hatauona.

Adabu ndani ya kitenzi

Mgeni akiingia ofisini Japani, mwenyeji humwambia *o-kake kudasai*. Ni *kakeru* ya kuketi, imevikwa *o-* ya heshima. "Kaa" kavu haimfai mgeni huko, kama ambavyo Shinyanga mgeni huambiwa "karibu uketi", na mtu mzima husalimiwa shikamoo kabla ya shida kutajwa. Anayekwenda kwenye usaili wa ufadhili asubiri maneno hayo kabla ya kukigusa kiti.

Kwenye maeneo ya ujenzi Japani kuna mabango yanayowaomba radhi wapita njia: *go-meiwaku o o-kake shimasu*, tunawasababishia usumbufu. Muundo ni uleule wa *meiwaku o kakeru*, umepakwa heshima mbele na nyuma. Sentensi hiyo inafaa kwenye barua pepe ya mfanyabiashara wa Kahama anayemwandikia muuzaji wa magari Yokohama kuhusu malipo yaliyochelewa. Itafungua mlango kuliko tafsiri ya neno kwa neno ya "samahani sana, bosi".

Maneno ya Kijapani yaliyokwisha kuingia makazini kwetu yanaonyesha hatari ya tafsiri ya haraka. Mfumo wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, 5S, ulianza kuletwa kwenye hospitali za Tanzania mwaka 2007, Mbeya ikiwa ya mwanzo, na mabango yake yana S tano za Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ni kazi ya werevu, maana S zote zimebaki. Hata hivyo S ya tano ya Kijapani ni *shitsuke*, kutoka kitenzi *shitsukeru*, kumfunza mtoto adabu hadi iwe tabia. Muuguzi anayesoma "shikilia" anaona agizo la kuendelea. Mjapani anayesoma *shitsuke* anamwona mama na mtoto. Neno moja kwa neno moja lilikosa nafasi ya kuyabeba yote.

Mpango wa wiki nne

Wiki ya kwanza, mwanafunzi achukue majina matano anayoyashika kila siku, simu, ufunguo, pasi, miwani na breki, na ayatamke pamoja na *o kakeru* kila anapovigusa vitu hivyo. Anayepiga pasi aseme *airon o kakemasu* huku pasi ikiwa mkononi. Asiandike tafsiri ya *kakeru* peke yake popote.

Wiki ya pili aongeze *ni*: ukutani, kitini, mizanini, kwenye maua. Wiki ya tatu alete *kakaru*, akijiuliza kila mara swali la washa au waka. Kupima usafiri kunasaidia hapa: kutoka nyumbani hadi Uwanja wa Kambarage, *nan-pun kakarimasu ka*, inachukua dakika ngapi? Wiki ya nne ni ya kanji zilizogongana, mbili kwa siku, na ya kuandika barua fupi yenye *o-kake* moja.

Vifaa havihitaji pesa nyingi. Idhaa ya Kiswahili ya NHK WORLD-JAPAN ina masomo ya Kijapani yanayosikilizwa bure mtandaoni. Japan Foundation imeweka kitabu cha *Irodori* kinachopakuliwa bure, kilichopangwa kwa shughuli za maisha ya kila siku. Anayelenga masomo afuatilie matangazo ya ufadhili yanayotolewa kupitia Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam. Kamusi ya mtandaoni itumike kwa namna moja: kushuka moja kwa moja hadi kwenye sentensi za mfano na kuziruka tafsiri za juu.

Magari pia ni walimu, kwa anayejua kuyasikiliza. Kabla fundi wa Kambarage hajachomoa ule waya wa ETC, mwanafunzi anaweza kukaa kwenye kiti cha mbele, *koshi o kakete*, akafunga mkanda na kuzungusha ufunguo. Mashine inanguruma na kutulia. *Enjin ga kakarimashita.* Ile sauti ya mwanamke inaanza kudai kadi yake, na safari hii kuna mtu ndani ya gari anayeelewa anachodaiwa.